Ruiru hadi Thika, kupitia angani

Kutoka Ruiru hadi Thika ni kama kilomita 20. Unapanda matatu, mnapita Juja, na kama hakuna jam unashuka kabla hujachoka kukaa. Lakini mwaka 1999, barua pepe iliyotoka kwa mtu wa Ruiru kwenda kwa mtu wa Thika, kama wawili hao walikuwa wateja wa kampuni tofauti za intaneti, haikupita Juja. Ilipanda angani kilomita 35,786 hadi kwenye setilaiti, ikashuka ng'ambo, mara nyingi Marekani, ikahamishwa huko kutoka kampuni moja hadi nyingine, ikapanda tena angani, ikashuka Kenya, ndipo ikafika Thika. Huo ni umbali wa zaidi ya kilomita 143,000 kwa safari ya kilomita 20. Mwanga wenyewe, ambao hauchoki wala haukwami Githurai, unahitaji karibu nusu sekunde kuumaliza, na jibu likirudi ni nusu nyingine.

Mimi ni fundi wa seva. Nalala Ruiru, nafanya kazi Thika, na kazi yenyewe ni kuhakikisha tovuti za shule, Sacco na maduka zinafunguka. Peji ikikataa, watu husema netiweki iko chini, basi. Lakini nimekaa na kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba karibu kila hitilafu ina tarehe yake. Kuna siku mtu fulani aliamua jambo, mara nyingi mbali sana na hapa, na uamuzi huo bado unakaa ndani ya simu na seva zetu. Nataka kuzifuata baadhi ya tarehe hizo, na kuonyesha ni nani ambaye amekuwa akilipa bili.

Kituo kilichodumu wiki mbili

Mwishoni mwa Novemba 2000, kampuni za intaneti zilizokuwa zimeungana katika chama chao, TESPOK, zilifungua kituo Nairobi kiitwacho KIXP. Usifikirie jumba kubwa. Kimsingi kituo cha aina hiyo ni swichi: kila kampuni inaleta waya wake, na data ya Mkenya inayokwenda kwa Mkenya mwenzake inapokezanwa hapo hapo bila kwenda ng'ambo.

Telkom Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa na haki ya peke yake ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, ililalamika kwa Tume ya Mawasiliano, CCK, kwamba kituo hicho kinaingilia haki hiyo. Mawasiliano ya nyumbani yalikuwa yamepitia ng'ambo kwa muda mrefu hadi kuyarudisha nyumbani kukaonekana kama kumnyang'anya mtu mali yake. Katika muda wa kama wiki mbili CCK iliamua kwamba KIXP ni mtambo wa mawasiliano usio na leseni, na ukazimwa. Kampuni zilikata rufaa, zikaeleza, zikabishana karibu mwaka mzima. Leseni ilitoka Novemba 2001, na Februari 2002 kituo kikawashwa tena.

Tofauti yake imepimwa. Ripoti ya Internet Society ya mwaka 2012 ilieleza kwamba safari ya data ya kwenda na kurudi ndani ya Kenya, iliyokuwa ikichukua milisekunde 200 hadi 600, ilishuka hadi kati ya 2 na 10 kwa wale wanaokutana KIXP. Milisekunde 1,000 ni sekunde moja. Ripoti ya baadaye, ya 2020, ilisema sehemu ya data inayopatikana humu humu nchini ilikuwa imepanda kutoka kama asilimia 30 hadi kama asilimia 70.

Kwa data ya kwenda nje, tulingoja zaidi. Juni 2009 kebo ya TEAMS, iliyosukumwa na serikali wakati Bitange Ndemo akiwa katibu wa wizara, ilifika ufuoni Mombasa kutoka Fujairah, kule Falme za Kiarabu. Julai mwaka huo huo SEACOM ikawashwa, na EASSy ikafuata 2010. Safari ya kwenda Ulaya na kurudi, ambayo kwa setilaiti ilizidi nusu sekunde, ikashuka hadi milisekunde mia moja na kitu. Waliokuwa kwenye saiba wakati ule wanajua maana yake. Ulikuwa unalipa kwa dakika, unabonyeza linki, unangoja, na dakika hazingoji.

Nimeanza na waya kabla ya kufuli kwa sababu kufuli linasafiri juu ya waya huo huo. Umbali ukiwa mrefu, kufuli nalo linakuwa zito.

Kufuli lilitoka wapi

Ukifungua tovuti yenye kufuli, simu yako na seva hufanya mambo mawili kabla ya kitu kingine chochote. Kwanza zinakubaliana juu ya siri ya kusimbia maneno, ili mtu aliye katikati, awe mwenye saiba au mwenye waifai ya hoteli, asisome nywila yako. Pili, seva inatoa cheti cha kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe. Cheti hicho ni kama barua ya chifu. Hakina nguvu kwa sababu ya karatasi, kina nguvu kwa sababu ya aliyetia sahihi. Simu yako inatoka kiwandani ikiwa na orodha ya watia sahihi inaowaamini. Hao huitwa mizizi.

Mfumo huu ulizaliwa katika kampuni ya Netscape, Marekani, katikati ya miaka ya 1990. Mwanasayansi mkuu wa Netscape kuanzia 1995 alikuwa Taher Elgamal, Mmisri aliyezaliwa Cairo, na wengi humwita baba wa teknolojia hiyo. Mwaka huo huo wa 1995, upande wa pili wa bara, kijana wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, alianzisha Thawte karibu na Cape Town, kampuni ya kuuza vyeti. Desemba 1999 aliiuza kwa VeriSign ya Marekani kwa takriban dola milioni 575. Baadaye alienda angani, na mwaka 2004 akaleta mfumo wa Ubuntu, ambao ndio ninaoutumia kwenye seva zangu nyingi hapa Thika. Kwa hivyo hadithi ya kwamba kufuli ni la Wazungu na sisi ni wateja tu si kweli. Waafrika walikuwa ndani tangu mwanzo.

Lakini kufuli lililofika kwetu halikuwa sawa na la Marekani. Sheria za Marekani za wakati huo zilihesabu usimbaji kama silaha. Brauza iliyoruhusiwa kutoka nje ya nchi ilikuwa na ufunguo wa biti 40, wakati ya ndani ilikuwa na biti 128. Agosti 1995, mtafiti Mfaransa Damien Doligez alitumia kama kompyuta 120 na siku 8 kuvunja ujumbe mmoja wa biti 40. Yaani tulipewa kufuli ambalo chuo chenye maabara nzuri kingeweza kulifungua. Masharti hayo yalilegezwa Januari 2000.

Na bei? Cheti kiliuzwa kwa dola mia na zaidi kwa mwaka, na kulipa kulihitaji kadi ya benki ya kimataifa. Hata baada ya M-Pesa kuja Machi 2007 na kila duka la Makongeni kuweza kupokea pesa kwa simu, cheti bado kilitaka kadi. Shule ya kawaida ilifanya hesabu ikaamua kuishi bila kufuli. Nywila za wazazi na alama za wanafunzi zikawa zinasafiri kama kadi ya posta, wazi, kila anayeishika anaisoma.

"Lakini yangu inafungua"

Sisi tukikutana hatuanzi na shida. Kwanza habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, ndipo uulizwe umekuja kwa nini. Kufuli nalo lina salamu zake. Kwa zaidi ya miaka 20 zilikuwa hivi: safari moja ya kwenda na kurudi kufungua njia, safari mbili za kukubaliana siri na kukagua cheti, na ya nne ndiyo ya kuomba peji. Kwa mtu wa California ambaye seva yake iko hapo hapo California, safari nne ni kupepesa jicho. Kwa mtu wa Thika aliye kwenye setilaiti, milisekunde 600 mara nne ni karibu sekunde mbili na nusu kabla herufi ya kwanza kuonekana. Waliopanga salamu hizo hawakuwa watu wabaya. Walipanga wakiwa jirani na seva zao.

Mwaka 2016 shule moja ya sekondari upande wa Thika iliniita. Ilikuwa imejikakamua, ikanunua cheti kwa dola na kukodi seva Ujerumani. Wazazi walitumiwa SMS yenye linki ya kuona matokeo. Simu nyingi zikaonyesha onyo kwamba tovuti si salama, na mzazi mmoja akapiga simu kuuliza kama shule imetekwa na wezi. Mwalimu mkuu akafungua laptopu yake mbele yangu, tovuti ikaja vizuri, kufuli likiwa limefungwa sawasawa.

"Lakini yangu inafungua," akasema.

Niliiuliza seva inionyeshe kila kitu inachompa mgeni. Ilitoa cheti kimoja tu, cha tovuti. Sasa, watoa vyeti hawatii sahihi kwa mzizi moja kwa moja, maana mzizi unafungiwa mahali salama. Mzizi unatia sahihi cheti cha kati, na cheti cha kati ndicho kinachotia sahihi cha tovuti. Ni kama mgeni aje na barua ya naibu wa chifu ambaye hapa hajulikani, bila ile barua ya chifu inayomtambulisha naibu huyo. Laptopu ya mwalimu mkuu iliweza kwenda yenyewe kutafuta barua iliyokosekana. Simu za wazazi hazikuwa na tabia hiyo, zilikataa tu. Dawa yake ilikuwa kuunganisha vyeti viwili kwenye faili moja, cha tovuti kwanza na cha kati kifuate, halafu kuiwasha seva upya. Kazi ya dakika kumi. Kilichochukua siku mbili ni kushawishi watu kwamba simu ya mzazi ndiyo kipimo, si laptopu ya ofisi.

Kisha nikauliza kwa nini tovuti inajikokota. Nilipopima kutoka Thika, safari moja ya kwenda Ujerumani na kurudi ilikuwa kama milisekunde 160. SMS ya shule ilikuwa na anwani isiyo na kufuli. Seva ikimpokea mzazi inamwambia, nenda kwenye anwani yenye kufuli. Akifika huko anaambiwa, la, nenda kwenye ile inayoanza na www. Kila mlango una salamu zake. Mlango wa kwanza safari mbili, wa pili nne, wa tatu nne. Jumla safari kumi, sekunde moja na nusu na zaidi, na bado hajaona jina la mtoto. Nilibadilisha SMS ibebe anwani ya mwisho moja kwa moja. Safari sita zikaisha bila kununua chochote.

Mwaka 2019 shule ilikubali kuhamisha seva hadi Nairobi. Wakati huo toleo jipya la kufuli, TLS 1.3, lilikuwa limeshachapishwa, Agosti 2018, na limepunguza salamu kwa safari moja nzima. Safari tatu za milisekunde kumi hivi ni kitu ambacho jicho haliwezi kuhesabu. Nikakumbuka ule mwaka wa mabishano kuhusu KIXP. Bila waliokata rufaa wakati huo, kuhamisha seva Nairobi kusingesaidia. Mzazi wa Ruiru angeendelea kupitia angani ili kufika Nairobi.

Saa kumi na moja na dakika moja

Tarehe 3 Desemba 2015 shirika la Let's Encrypt lilianza kutoa vyeti bure kwa yeyote. Vinadumu siku 90, na programu kwenye seva inavifanya upya yenyewe. Hakuna dola, hakuna kadi. Hapo ndipo vibanda, makanisa na Sacco za Kiambu zilipoanza kupata kufuli. Julai 2018 brauza ya Chrome ikaanza kuandika kwamba tovuti isiyo na kufuli si salama, na simu zangu zikaanza kuita kila siku.

Lakini mtia sahihi mpya ana shida ya mtu mpya. Simu za zamani hazimjui. Let's Encrypt ilitatua kwa kuomba mzizi mkongwe, uitwao DST Root CA X3, utie sahihi kumtambulisha. Mzizi huo ulikuwa umetengenezwa tarehe 30 Septemba 2000, miezi miwili kabla ya KIXP kuwashwa kwa mara ya kwanza, ukapewa maisha ya miaka 21.

Miaka 21 iliisha Alhamisi, tarehe 30 Septemba 2021, saa kumi na moja na dakika moja jioni, saa zetu. Kuna ofisi ninayoihudumia ambayo mfumo wake wa karo huuliza mfumo mwingine kama malipo ya mzazi yamefika. Jioni hiyo majibu yalikatika. Kosa lilisema cheti kimepitwa na wakati. Nikakagua chetu, kizima hadi Desemba. Nikakagua cha wale wengine, kizima. Nikakagua saa ya seva, maana saa ikikosea kila cheti huonekana kimekufa au hakijazaliwa. Saa ilikuwa sawa.

Huo ulikuwa wakati wa kafyu, lazima uwe nyumbani kufikia saa nne usiku, na matatu za kurudi Ruiru zilikuwa zinajaa mapema. Nilifuata mnyororo cheti kwa cheti hadi juu, ndipo nikamwona marehemu. Seva ile ilitumia OpenSSL 1.0.2, programu ya zamani ambayo ikipewa njia mbili za kumfikia mtia sahihi, hushika ile ndefu inayoishia kwa mzizi mkongwe, ikamkuta amekufa, ikakata tamaa. Njia fupi iliyo hai ilikuwa pale pale, lakini haikurudi nyuma kuijaribu. Dawa ilikuwa kuuondoa mzizi mkongwe kwenye orodha ya seva. Ukishaondoka, hakuna njia ndefu ya kupotelea. Malipo yakaanza kuonekana kabla ya saa mbili usiku.

Karani aliyekuwa amebaki na mimi aliniuliza, "Sasa nani alikufa?" Swali zuri. Alikufa mtu ambaye hakuna yeyote hapo ofisini aliyewahi kusikia jina lake, na ambaye uhai wake ulikuwa umeshikilia mfumo wote wa karo.

Wasioonekana kwenye rekodi

Simu za Android za zamani zilinusurika siku hiyo, kwa sababu Android haijali kama mzizi umepitwa na tarehe. Let's Encrypt ilitumia upenyo huo kuweka daraja lingine. Bila daraja hilo zingefungiwa nje. Kwa takwimu walizotoa 2020, karibu theluthi moja ya simu za Android duniani zilikuwa chini ya toleo 7.1, ambalo ndilo la kwanza kuujua mzizi mpya. Lakini daraja nalo lilikuwa na tarehe. Februari 2024 waliacha kulitumia kama kawaida, na tarehe 30 Septemba 2024 likaisha kabisa.

Desemba mwaka huo mama mmoja anayeuza mboga Thika na kukaa Kimbo, Ruiru, alikuja kwenye ofisi ya Sacco ambayo tovuti yake ninaitunza. Mkopo wa dharura ulikuwa umehamishiwa mtandaoni, fomu za karatasi zimeondolewa. Alitaka karo ya wajukuu wawili kabla shule zifunguliwe Januari. Karani alimwambia tatizo ni simu yake, anunue nyingine. Alinigeukia na Android 6 mkononi, kioo kimepasuka kona moja.

"Kijana wangu, hii simu inasema nyinyi ni wezi."

"La, mama. Inasema haitujui."

"Na mimi nimekuwa mwanachama hapa miaka kumi na miwili. Nani hamjui mwenzake?"

Brauza ya Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya mizizi, haitegemei ya simu. Nafasi haikuwepo, kwa hivyo tulikaa kwenye benchi tukafuta video, moja moja, yeye akiamua ipi ya mazishi ibaki. Firefox ikaingia, fomu ikafunguka, akaomba mkopo wake.

Lakini benchi si suluhisho. Nilienda kwa kamati. Mhasibu alikuwa na hoja ya maana. Alisema rekodi za seva zinaonyesha karibu kila anayefika ana simu mpya, kwa nini tuhangaike? Nikamjibu kwamba rekodi hiyo inaandika waliofika. Aliyekataliwa mlangoni wakati wa salamu hakuomba peji yoyote, kwa hivyo hana mstari wake. Ukitaka kumwona lazima ufungue rekodi ya makosa kwa kina zaidi, na hapo ndipo unakuta simu zikiaga kwa ujumbe kwamba mtoa cheti hajulikani. Nilifungua, tukaangalia pamoja, na ujumbe ulikuwepo, siku baada ya siku. Kila mmoja ni mwanachama aliyejaribu akaondoka.

Kamati ilikubali mambo mawili. Fomu ya karatasi ikarudi kwa mkopo wa dharura, na nikahamia kwa mtoa vyeti mwingine, wa bure pia, ambaye anatambulishwa na mzizi wa zamani zaidi unaojulikana na simu kama ile. Mzizi huo nao una tarehe yake ya kufa, na nimeiandika ukutani.

Usinielewe vibaya. Mizizi lazima ife. Ufunguo unaokaa milele siku moja utaibwa, na simu isiyopata masasisho ina mashimo mengine mengi. Shida yangu ni namna gharama inavyogawanywa. Kampuni iliyouza simu ile iliacha kuitumia masasisho, na gharama ikaangukia kwa muuza mboga. Ni mtindo ule ule wa biti 40 na wa setilaiti: mfumo unapangwa mahali ambapo simu ni mpya na seva ni jirani, halafu tofauti inalipwa na aliye mbali.

Siku 47

Kazi hii inaelekea kuwa ngumu zaidi kwa asiyejipanga. Aprili 2025, umoja wa watoa vyeti na watengenezaji wa brauza ulipitisha kwamba muda wa juu wa cheti utapunguzwa hatua kwa hatua: siku 200 kuanzia Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Tangu Juni 2025 Let's Encrypt imeacha hata kutuma barua pepe za kukumbusha. Anayefanya upya vyeti kwa mkono atakuwa akifanya hivyo kila mwezi na nusu, kwa kila tovuti, stima ikiwepo au isiwepo. Lazima seva ijifanyie yenyewe, na lazima kuwe na mtu anayeangalia kama imefanya.

Umbali nao haujaisha. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, intaneti ikalegea Kenya nzima. Tovuti zangu zilizo Nairobi ziliendelea kupokea watu. Lakini baadhi ya peji zilibaki nyeupe, na nilipochunguza nikakuta zinangoja herufi za mapambo kutoka seva ya ng'ambo. Seva iko Nairobi, maandishi yako Nairobi, msomaji yuko Ruiru, halafu wote wanangojea urembo kutoka nje. Wiki iliyofuata nilizihamishia herufi hizo nyumbani.

Wasomaji wengi wa hapa wanajenga vitu: tovuti ya chama, duka la viatu, mfumo wa hosteli za Juja. Mnapima kwa simu nzuri, kwa faiba ya ofisini, peji inakuja mara moja, mnatuma ankara. Pimeni pia kwa simu ya mamako. Hesabuni safari. Ulizeni cheti chenu kimetiwa sahihi na nani, na huyo aliyetia sahihi atakufa lini. Hayo ni maswali ya historia, na majibu yake yako ndani ya faili ambazo mtu yeyote mwenye subira anaweza kuzifungua.

Mimi nilinunua Android 6 kuukuu kwa fundi wa simu hapa Thika, kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Iko kwenye droo, imechajiwa. Tovuti isiyofunguka hapo, kwangu bado haijaisha.